Datsun 240Z na Swali la Oktani

Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, Safari ya Pasaka ya 1973, yaliisha kwa sare. Shekhar Mehta na Lofty Drews, wakiwa na Datsun 240Z, walikuwa na alama za adhabu sawasawa na za Harry Källström aliyeendesha Datsun 1800. Ushindi ukapewa Mehta kwa sababu alikwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Miaka miwili nyuma, 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano hayohayo kwa gari la aina hiyohiyo. Kwa hiyo 240Z si gari la kigeni kwetu hata kama lilitengenezwa Japani. Sifa zake nyingi zilipatikana kwenye vumbi na tope la Afrika Mashariki.

Aliye nalo leo anakabiliwa na swali ambalo madereva wale hawakuwa nalo kwa namna hii: aweke petroli gani? Petroli ya 1973 ilikuwa na risasi, ya leo haina. Akiuliza gereji, fundi wa kwanza atamwambia anunue ya bei ghali kuliko zote. Wa pili atasema petroli ni petroli. Wa tatu atamuuzia kichupa cha dawa ya kumimina kwenye tangi. Wote watatu wanaanzia kwenye pampu, na mimi naona hapo ndipo wanapokosea. Swali hili linaanzia kwenye hedi ya silinda, linapita kwenye distributa, kisha kwenye barabara ambazo gari litapita. Pampu ni ya mwisho.

Oktani hupima jambo moja tu, nalo ni uwezo wa petroli kustahimili kubanwa na kupashwa joto bila kujiwasha yenyewe. Ndani ya silinda iliyo salama plagi hutoa cheche, moto huanzia hapo na kusambaa kwa utaratibu hadi ukuta wa upande wa pili. Mchanganyiko ambao moto haujaufikia unazidi kubanwa na gesi zinazotanuka nyuma yake. Petroli ikiwa haina ustahimilivu wa kutosha, sehemu hiyo iliyobaki hulipuka yote kwa mkupuo. Wimbi la kanieneo hupiga kuta za silinda, na dereva husikia mlio mkavu wa chuma. Hapo ndipo fundi anaposema injini inagonga. Madhara yake ni makubwa kuliko mlio wenyewe, kwa maana wimbi hilo huondoa utando mwembamba wa gesi iliyopoa unaolinda uso wa pistoni. Alumini huanza kuliwa kidogo kidogo, kingo zinazoshika ringi hukatika, gasketi ya hedi hupasuka.

Mwingereza Harry Ricardo alilichunguza tatizo hili mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa injini ya majaribio ambayo mgandamizo wake uliweza kubadilishwa huku ikiendelea kuzunguka. Mwaka 1926 Mmarekani Graham Edgar akapendekeza kipimo tunachotumia hadi sasa. Isooktani, isiyogonga kwa urahisi, ikapewa 100, na heptani, inayogonga upesi, ikapewa sifuri. Petroli ya 95 ni ile inayogonga sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani ndani ya injini ya kupimia.

Kwenye kipimo hicho hakuna habari ya nguvu. Hakuna pia habari ya usafi wa petroli wala ya kilomita itakazokupa kwa lita. Oktani ni kama saizi ya kiatu: namba 44 haina ubora wowote juu ya 40, kinachotakiwa ni namba ya mguu. Injini isiyogonga kwa petroli ya 91 haipati farasi hata mmoja wa ziada kwa kuwekewa 98, isipokuwa fundi abadilishe taimingi au mgandamizo ili kutumia nafasi hiyo.

Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua unatoka kwa Porsche. Gari la 911S la lita 2.2, la miaka ya 1970 na 1971, lilikuwa na uwiano wa mgandamizo wa 9.8 kwa 1, lilitoa nguvu farasi 180, nalo lilitaka petroli ya juu kabisa. Kwa magari ya mwaka 1972 kiwanda kiliongeza ujazo hadi lita 2.4, kikashusha mgandamizo hadi 8.5, na gari likakubali petroli ya kawaida ya 91. Nguvu zikapanda hadi 190. Carrera RS 2.7 ya 1973, ambayo leo wakusanyaji wa magari hulipia fedha nyingi kuliko karibu 911 zote za enzi yake, ina farasi 210 kwa mgandamizo uleule wa 8.5. Mwenye RS anayetafuta petroli ya 100 kwa kuwa gari lake ni la thamani hajaelewa kile wahandisi wake walichokifanya.

Namba zenyewe nazo hutatanisha, kwa kuwa nchi hazipimi kwa njia moja. Kwetu, Ulaya, na Ghuba, pampu huonyesha RON, kipimo kinachochukuliwa injini ya majaribio ikizunguka mara 600 kwa dakika. Kipo kingine, MON, kinachopimwa kwa mizunguko 900 na mchanganyiko ukiwa umepashwa joto hadi nyuzi 149. Mazingira haya ni magumu zaidi, kwa hiyo namba yake huwa chini. Marekani huonyesha wastani wa hizo mbili. Ndiyo maana 91 ya pampu ya Marekani ni karibu 95 au 96 ya Nairobi, Dar es Salaam au Muscat. Mtu aliyenunua 240Z yake Marekani na kuileta kwa meli, kisha akasoma ushauri wa wenye magari kama yake kule, anaweza kuagiza namba ya chini kuliko inayotakiwa. Dubai, kwa mfano, pampu zina 91, 95 na 98, zote RON.

MON inastahili kuangaliwa zaidi kuliko inavyoangaliwa. Kiwango cha Ulaya kinadai petroli ya RON 95 iwe na MON isiyopungua 85. Pengo la namba 10 ni kubwa. Petroli ya zamani yenye risasi mara nyingi ilikuwa na pengo dogo zaidi, kwa hiyo ikilinganishwa na ya leo yenye RON ileile, ilistahimili vizuri zaidi joto na mwendo wa juu. Hapo injini ya kale inaweza kudanganya. Haigongi unapoondoka kwenye taa za barabarani, ukadhani mambo ni shwari. Kisha inagonga kwenye mzunguko wa 5,000, mguu ukiwa umekanyaga hadi chini, ambapo kelele za ekzosi na upepo zinafunika mlio wote. Kugonga kusikosikika ndiko kunakoua pistoni. Magari ya sasa yana kitambuzi kinachosikia mtetemo huo na kuichelewesha cheche chenyewe. 240Z haina kifaa hicho. Masikio ya dereva ndiyo kitambuzi chake, na kwenye mwendo huo hayafai.

Sasa tufungue boneti. Injini ya 240Z, L24, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kabureta mbili, bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393, yaani karibu 399 kwa kila silinda. Kwa uwiano wa 9 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni kama sentimita za ujazo 50. Kwa mgandamizo huo, hedi ya alumini ikisaidia kuondoa joto, petroli ya RON 95 inaitosha injini iliyo katika hali yake ya kiwandani. Lakini nani ana injini ya miaka hamsini iliyo katika hali ya kiwandani?

Fikiria maisha ya hedi hiyo. Rediata iliziba mwaka fulani, injini ikachemka, hedi ikapinda. Ikapelekwa kwa fundi wa mashine ikasagwa ili uso unyooke. Miaka ikapita, gasketi ikaungua, ikasagwa tena. Tuseme kwa jumla imepungua milimita moja. Kwa umbo la chemba ya L24, hiyo ni kama sentimita za ujazo 4 zilizopotea. Nafasi ya 50 imekuwa 46, na uwiano umepanda kutoka 9 hadi karibu 9.7, bila mtu yeyote kukusudia. Ukiongeza kaboni iliyojaa juu ya pistoni, umefika mahali ambapo 95 haitoshi tena, na kitabu cha gari hakiwezi kukuambia hivyo kwa kuwa kinaeleza hedi nyingine.

Kusaga kuna athari ya pili ambayo mafundi wengi wa injini za kawaida huisahau. Kamshafti ya L24 iko juu, imeshikwa na minara iliyofungwa kwenye hedi, na inazungushwa na mnyororo mrefu. Hedi ikishuka, mnyororo unalegea na kamshafti inachelewa. Fundi anayeijua injini hii huweka vipande vyembamba vya chuma chini ya minara ili kurudisha urefu, au huhamisha gia ya kamshafti kwenye tundu jingine kati ya matatu yaliyotobolewa kwa kazi hiyo. Asipofanya hivyo gari linakosa nguvu mizunguko ya chini. Dereva analalamika, na anaambiwa ajaribu petroli ya oktani ya juu. Nimeudhika na ushauri huo kila nilipousikia, maana anayeufuata atanunua petroli ghali maisha yake yote kwa kosa la vipande vya chuma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima. Hedi ikiwa nje, chemba hujazwa kimiminika kwa bomba lenye alama za mililita, na uwiano halisi ukajulikana. Hedi ikiwa ndani, geji ya kompresheni itakupa fununu tu, kwa maana inaathiriwa na ringi, valvu na hata mwinuko wa mahali ulipo.

Mwinuko huo unabadilisha hesabu nzima kwa nchi zetu, na nashangaa unavyotajwa kwa nadra. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa pale ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Injini yenye kabureta inavuta hewa kidogo zaidi, silinda hazijai, mgandamizo halisi unapungua, na haja ya oktani inashuka. Wamarekani wa majimbo ya milimani kama Colorado wamezoea kuuziwa petroli ya kawaida yenye namba 85 kwa kipimo chao, chini ya 87 inayouzwa kwingine, kwa sababu hiyohiyo. Kwa magari ya kale yenye kabureta desturi hiyo ina mantiki.

Chukua basi 240Z iliyofanyiwa taimingi Nairobi na fundi hodari. Ameisogeza distributa hadi gari likawa jepesi, akasikia injini inagonga kidogo, akairudisha nyuma kidogo. Kwa Nairobi amefanya sawa. Mwenye gari anateremka Mombasa, karibu kilomita 480, na njiani hasikii lolote kwa kuwa barabara kwa sehemu kubwa inashuka. Taabu inaanza siku ya kurudi. Kutoka Miritini kupanda Mazeras hadi Mariakani, mchana, gari limejaza abiria na mizigo, hewa ni nzito, joto ni la Pwani, dereva yuko gia ya nne kwa mizunguko ya chini nyuma ya lori. Hakuna mahali pabaya zaidi kwa injini hiyo katika safari nzima. Unyevu wa Pwani unasaidia kidogo, kwani mvuke hupunguza tabia ya kugonga, ila hauwezi kufidia mita 1,700. Wa Arusha anayeteremka Tanga yuko katika hali hiyohiyo. Dereva akisikia injini inagonga pale Mazeras, dawa ya papo hapo ni kushusha gia na kulegeza mguu. Dawa ya kudumu ni kufanya taimingi kwa ajili ya mahali pa chini kabisa gari litakapofika, na kukubali kwamba Nairobi litakuwa zito kidogo.

Taimingi yenyewe haitakiwi kuaminiwa kwa kuangaliwa injini ikiwa imepoa na inazunguka taratibu. Ndani ya distributa ya zamani kuna vizito viwili vinavyofunguka kadiri mwendo unavyopanda, vikivutwa na springi. Springi zikichoka, vizito hufunguka mapema na cheche hutangulia kupita kiasi. Vikishika kutu havifunguki, gari likawa bovu kwa namna nyingine. Taa ya taimingi inapaswa kuangaza alama kwenye mzunguko wa 3,000 na zaidi. Kisha plagi zifunguliwe. Madoa madogo ya rangi ya fedha kwenye kauri zake ni alumini ya pistoni, na ukiyaona usiendeshe gari tena hadi ujue sababu.

Risasi ni habari ndefu na ya majonzi. Thomas Midgley na wenzake wa General Motors waligundua mnamo Desemba 1921 kwamba tetraethili ya risasi huzuia kugonga, na petroli hiyo ikaanza kuuzwa Dayton, Ohio, Februari 1923. Sumu yake ilijulikana tangu wakati huo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia Dakar, Juni 2001, kuiondoa, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza mwisho huo mwezi uliofuata likikadiria kuwa vifo zaidi ya milioni 1.2 vinaepukwa kila mwaka. Naupenda mlio wa L24 kuliko injini nyingi, na sitamani hata tone la risasi lirudi kwa ajili yake.

Ilipoondoka, risasi iliacha pengo mahali pawili. La kwanza ni oktani, na viwanda vimeliziba kwa njia nyingine. La pili ni ulinzi wa viti vya valvu za ekzosi. Masalia ya risasi yalikuwa yanaweka ngozi nyembamba kati ya valvu na kiti chake. Bila ngozi hiyo, chuma laini cha moto hushikana na kuchanika, kiti kikazidi kuzama. Magari kama MGB, ambayo viti vyake vimechongwa moja kwa moja kwenye hedi ya chuma cha kusubu, yako hatarini zaidi yakiendeshwa kwa kasi muda mrefu. 240Z ina viti vilivyopachikwa, ila vya hedi zake za mwanzo vilibuniwa enzi ya risasi. Wa kukuambia ukweli ni geji ya kupimia nafasi ya valvu: milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za ekzosi, injini ikiwa baridi. Nafasi ya ekzosi ikiwa inapungua kila unapopima, kiti kinazama. Hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine yoyote, pachika viti vigumu na suala litakuwa limekwisha. Vichupa vya kulinda valvu vinaweza kusaidia kwa muda, lakini havihusiani na oktani isipokuwa lebo iseme hivyo, na wauzaji wengi huyachanganya mambo haya mawili.

Wapo wanaokimbilia petroli ya ndege ndogo, ile 100LL. Herufi LL za jina lake zinaahidi risasi kidogo, ila inaruhusiwa hadi gramu 0.56 kwa lita, karibu mara nne ya kikomo cha gramu 0.15 kilichokuwapo Uingereza kwa magari kuanzia 1986. Imetengenezwa pia kwa uvukaji tofauti na wa petroli ya barabarani. Kuimwaga risasi hiyo kwenye barabara inayopita mbele ya shule ni kosa ambalo gari zuri halilihalalishi.

Ethanoli huongeza oktani, na hapo wengi husimama. Hata hivyo ni kiyeyusho. Mipira ya zamani ya mafuta na vifuniko vya kabureta huvimba au kupasuka, uchafu mkavu wa tangini huachia na kuziba jeti, maji hunaswa kwenye mafuta ya gari lililokaa miezi bila kuwashwa. Uingereza ilipofanya 95 ya kawaida kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, Septemba 2021, iliacha petroli ya 97 na kuendelea ikiwa na asilimia 5 kwa ajili ya magari ya kale. Mwenye 240Z aliye Birmingham au Leicester ananunua hiyo, na ana sababu nzuri isiyohusu kugonga kabisa. Kenya nayo iliwahi kuchanganya ethanoli ya Muhoroni miaka ya 1980. Badilisha mipira yote kwa ile inayostahimili ethanoli, bila kusubiri sera ibadilike.

Kwetu hatari kubwa zaidi ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, na kiasi kidogo tu kikichanganywa kinaishusha petroli ya 95 hadi mahali ambapo hakuna taimingi itakayoiokoa. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya mchezo huo. Hatua hizo zilikuwa za lazima. Mwenye gari lisilo na kitambuzi bado anapaswa kuchagua sheli yenye wateja wengi, ambapo matangi ya chini hujazwa mara kwa mara, na kuendelea nayo. Petroli ya 95 iliyo safi na mpya ni bora kwa injini hii kuliko 98 iliyokaa.

Ikiwa yote hayo yamefanyika, mgandamizo umepimwa, distributa iko sawa, kaboni imesafishwa, petroli ni 95 isiyotiliwa shaka, na gari bado linagonga likipanda Mazeras, basi mgandamizo wa injini umezidi petroli iliyopo. Mwenye gari asiweke madumu ya petroli ya mbio gerejini. Afungue hedi na kufunga gasketi nene zaidi au pistoni zenye uso uliobonyea, mgandamizo urudi 9 au hata 8.5, kisha taimingi ifanyiwe Mombasa, gari likiwa na abiria wawili na tangi limejaa.